Mwaka Tuliopanda Dagaa

Mstari wa thelathini na mbili ulikuwa na jiwe katikati. Mzee Ngolo aliinua plau, akalivuka lile jiwe, akaishusha tena upande wa pili bila kuwasimamisha ng'ombe. Mimi nilikuja nyuma yake, mbegu nimezifunga kiunoni kwa kitenge, ndoo mkono wa kushoto. Punje mbili, konzi ndogo ya dagaa waliosagika, kisha udongo kwa kisigino. Hatua moja mbele. Punje mbili, konzi, kisigino.

“Diwani,” Mzee akamwambia maksai wa kushoto, “wewe umewahi kusikia mahindi yanakula samaki?”

Diwani alipunga mkia.

“Hata mimi. Lakini tumeletewa mtu kutoka Kibara, huko ambako hata kanisani wananukaga dagaa. Mwaka huu tutaona mengi.”

Nilicheka nikiwa nimeinama, asinione. Yeye naye hakugeuka. Aliendelea kushika plau, mgongo umenyooka kama wa kijana, na shati lake la kazi limetoboka begani pale pale lilipotoboka mwaka jana.

Mzee Ngolo ni baba wa mume wangu, Hezron. Kwa desturi aliyokulia, mwanaume hashikani mkono na mke wa mwanawe, haingii nyumbani kwake, na hagombani naye hata kidogo. Salamu tunapeana, kwa umbali wa kutosha. Habari za mvua, za kuni, za ndama aliyechelewa kurudi, hizo tunaambiana. Lakini jambo zito, linalotaka ndiyo au hapana, lilikuwa likipitia kwa mama mkwe wangu, marehemu Boke. Mama alipofariki, miaka miwili iliyopita, tulikaa mwezi mzima kila mtu na maneno yake mdomoni. Hezron yuko Musoma mjini, ameajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na binti yetu Diana anasoma huko huko. Hapa Butiama tumebaki wawili.

Ndipo siku moja wakati wa kulima nikamsikia Mzee akimwambia Diwani kwamba chumvi ya ng'ombe imeisha, na kama kuna mtu anaenda mnadani basi akumbuke. Nikaenda mnadani, nikaleta chumvi. Tangu hapo Diwani ndiye baraza letu. Mwenzake wa kulia, Karani, hajawahi kuambiwa lolote.

Shamba letu ni ekari sita. Nilipoolewa, lilikuwa likilisha nyumba na kubakiza gunia za kuuza. Siku hizi ni vigumu kusema linalisha nani. Kila mwaka, mwezi wa pili, Mzee alikuwa akiuza ng'ombe mmoja ili tununue mbegu za dukani, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, na dawa ya viwavi. Hata yale magunia ya mbolea yenye ruzuku yalitushinda kwa idadi tuliyohitaji. Mwezi wa saba tulivuna, tukauza haraka kama watu wote, bei ikiwa chini, na pesa iliyorudi haikutosha kununua hata nusu ya yule ng'ombe. Ng'ombe kumi na mmoja wakawa kumi, wakawa tisa, wakawa saba. Sikuona mtu wa kumlaumu. Mzee alilima vizuri, mimi nilipalilia vizuri, na mvua haikuwa mbaya sana. Shamba lilikuwa linakula ng'ombe, basi.

Krismasi iliyopita Hezron alinikalisha jikoni.

“Mama Diana, nisikilize. Akiuzwa ng'ombe mwingine kwa ajili ya mbolea, nalikodisha shamba. Kuna mtu wa Bunda analitaka lote. Baba atakuja kukaa na sisi mjini.”

“Umemwambia?”

“Nitamwambiaje? Nakwambia wewe.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na macho ya mtu aliyehesabu mara nyingi. Lakini mimi nilimwona Mzee Ngolo kwa akili yangu, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa chumba chetu cha kupanga, kule ambako uwanja ni mpana kama mkeka, anasikiliza pikipiki. Nikasema nitajaribu msimu mmoja bila kuuza ng'ombe. Hezron akasema, “Jaribu. Mimi nitaona.”

Nilianza kwa kupunguza. Mahindi ekari moja na nusu tu, kiasi ninachoweza kukilisha vizuri. Ekari tatu mtama, ambao hauombi mambo mengi. Iliyobaki mihogo. Mbegu nilichagua mwenyewe kutoka kwenye magunzi bora ya mwaka uliopita, nikizitoa katikati ya gunzi na kuacha za ncha, kama afisa ugani alivyotuelekeza siku moja kwenye ofisi ya kijiji. Nikanunua magunia sita yasiyopitisha hewa, ili tukivuna tusikimbilie kuuza, tungoje bei ya Januari. Kilichobaki kilikuwa chakula cha udongo, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Si kwamba samadi haikuwepo. Ilikuwepo, lundo zima, kando ya barabara, pale lilipokuwa zizi la zamani. Lundo lenyewe lina urefu wa kunifika kifuani na upana wa kutosha kujenga nyumba ya vyumba viwili. Ni kazi ya ng'ombe sitini na wawili, kwa miaka mingi, kabla ya ukame na wizi na ada za shule. Mtu akipita barabarani anaona lundo, anajua hapa palikuwa na mali. Wageni hulitaja wanapoamkia. Mzee mwenyewe akiwa na mgeni hukaa mahali ambapo mgeni lazima alione.

Mwaka jana nilimwomba Hezron amwulize kama tunaweza kulitumia. Jibu lililorudi kwa simu lilikuwa hili: “Mwambie tukiliondoa, watu watadhani hapa aliishi mfuga kuku.”

Nikaliacha. Mtu akiwa amebakiza kitu kimoja cha kuonyesha alivyokuwa, huendi kukichukua na ndoo. Na samadi ya ng'ombe saba wa sasa, ambao siku nzima wako malishoni, ilitosha bustani ya mboga tu.

Basi nikakumbuka kwetu. Pale Kibara, dagaa wakinyeshewa mvua wakiwa kwenye vichanja huharibika, hakuna anayewanunua, na mama yangu alikuwaga anawafukia kwenye matuta ya kabichi. Kabichi zilikuwa kubwa kama beseni. Nikampigia kaka yangu Prosper. Akanikusanyia magunia manane ya dagaa wa mvua pamoja na vumbi la kufagia, akayatuma kwa lori hadi Bunda, kutoka Bunda kwa lori lingine. Gharama ilikuwa nauli tu. Na sikuamini tu kwa macho ya utoto. Nilipanda kwanza mashimo kumi kwenye bustani yangu, ndani ya uzio wa miiba. Matano yenye dagaa, matano bila. Baada ya wiki tatu hukuhitaji kuambiwa yapi ni yapi.

Ndivyo tulivyofika mstari wa thelathini na mbili, na baadaye wa themanini. Tulimaliza jioni ya siku ya pili. Mzee alimfungua Diwani nira, akamkuna shingoni.

“Umefanya kazi, Diwani. Sasa mwambie mtu wa samaki akapumzike, mgongo wake tunautaka wakati wa palizi.”

Nililala kama gogo. Kulipopambazuka nilisikia sauti ya jirani yangu Mbuke kutoka ng'ambo ya uzio. Mbuke haongei chini hata akisali.

“Mama Diana! We Mama Diana! Njoo, kuna mkutano wa hadhara shambani kwako, na wajumbe wote wamefika!”

Nilitoka na kitenge kifuani. Nilihesabu mbwa hadi kumi na saba, nikaacha. Wengine walikuwa wa jirani, wengine wametoka sijui wapi. Walikuwa wamejipanga kwenye mistari yangu, kila mmoja na sehemu yake, wanachimba kwa utaratibu, shimo baada ya shimo, hatua moja mbele, kama walionitazama nikipanda. Kati yao alikuwa mbwa wa Mbuke, anaitwa Polisi, pua nzima imejaa udongo.

“Hata Polisi yupo,” nikasema.

“Yupo kazini,” akasema Mbuke. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka, akaokota mawe.

Tuliwafukuza, wakarudi, tukawafukuza tena. Nilikaa chini kwenye ukingo wa shamba nikielewa kosa langu kidogo kidogo. Kibara mbwa hulala juu ya dagaa. Ukimtupia mbwa wa Kibara dagaa anakutazama kama umemtukana. Kwa hiyo mama yangu alipofukia samaki kwenye matuta, hakuna mbwa aliyejisumbua, na mimi nilikua bila kujua kwamba kuna mbwa duniani ambao hawajawahi kushiba samaki. Mbwa wa Butiama wanakula ukoko wa ugali na mfupa siku ya sherehe. Na majaribio yangu niliyafanya ndani ya uzio.

Mzee Ngolo alikuja na fimbo yake. Alisimama, akatazama mwanzo wa shamba hadi mwisho. Nilingoja. Alivua kofia, akainama, akaanza kuokota punje zilizotupwa juu ya udongo, moja moja, akiziweka ndani ya kofia. Nami nikaokota kutoka upande wangu. Tulifanya hivyo hadi jua likawa kali, kila mtu upande wake wa shamba. Nikahesabu: mistari hamsini na mmoja imefukuliwa, ishirini na tisa imesalia. Mbegu tulizookota, pamoja na zile nilizoweka akiba, zingetosha kurudia. Dagaa walikuwa wamekwisha, na hata wangekuwepo nisingethubutu.

Mchana balozi wa nyumba zetu alipita mlango kwa mlango na tangazo kwamba mbwa wafungwe siku saba, kwa kuwa shamba la Mzee Ngolo lina samaki. Kila aliyelisikia alitaka lirudiwe.

Jioni, kwenye birika la kunyweshea, Mzee alisimama na Diwani, nami nilikuwa namimina maji upande wa pili.

“Diwani,” akasema taratibu, “nimempigia Isidori wa Bunda, mnunuzi wetu wa ng'ombe. Kesho anakuja kumtazama yule mtamba mwekundu. Mbolea ya dukani haina harufu, mbwa hawaijui. Mvua haitatungoja sisi.”

Hakuwa na uchungu wowote kwenye sauti. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anauza mtamba, ambaye mwaka ujao angekuwa mama wa ndama, ili kuniokoa mimi na aibu yangu. Na hakujua kwamba kwa kumuuza anaondoka yeye mwenyewe. Hezron alikuwa bado hajamwambia, na mimi haikuwa zamu yangu kumwambia jambo kama hilo, hata kwa mdomo wa ng'ombe.

Asubuhi nilimkuta zizini anakamua. Niliweka ndoo yangu chini, nikasimama karibu na Diwani. Sikuwa nimewahi kumtumia. Nilijisikia kama mtu anayeketi kwenye kiti kisicho chake.

“Diwani,” nikasema.

Maziwa yaliacha kulia kwenye kibuyu.

“Mwambie baba kosa ni langu, nilisahau kwamba mbwa hawafanani. Mwambie asiuze mtamba. Kuna njia nyingine ambayo nisingeitaja kama ningekuwa na ya tatu. Mstari mmoja unataka mashimo mia mbili, na shimo viganja viwili, kwa hiyo ni ndoo nne kwa mstari. Mistari hamsini na mmoja ni ndoo mia mbili na nne. Nimelipima lile lundo kwa kamba. Tukichota kwa upande wa nyuma, ule unaotazama miti, tutaingia ndani kama hatua tano tu. Upande wa barabarani hautaguswa. Anayepita hatajua.”

Ng'ombe aliyekuwa anakamuliwa aligeuza shingo kuona kulikoni.

“Diwani,” Mzee akasema mwishowe, bado ameinama, “hebu muulize huyu mtu, lundo langu amelipima lini?”

“Siku baba alipoenda kwenye msiba Suguti.”

“Kwa kamba?”

“Kwa kamba ya ndama.”

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia, ndipo nikasikia kicheko, kile cha ndani kisichotoa sauti mpaka mwisho. Alijifuta jicho kwa kiwiko.

“Mnaona,” akawaambia ng'ombe wote. “Nimemwacha nyumbani akae na jiko, yeye anapima mali yangu kama karani wa mahakama.”

Kisha akaendelea kukamua. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nikachukua ndoo yangu nikaondoka, nikapika uji, nikafagia uwanja ambao ulikuwa umefagiwa.

Nilipokuwa naepua sufuria jikoni nilisikia mlio wa sururu. Ulitoka upande wa barabara, si wa miti. Nikatoka. Mzee Ngolo alikuwa amepanda juu ya lundo, kwenye paji lake kabisa, pale linapotazama njia, suruali ameikunja hadi magotini. Alikuwa ameshafungua pengo la ukubwa wa mlango. Ganda la juu lilikuwa gumu na jeupe kama mkate uliokauka, lakini chini yake samadi ilikuwa nyeusi, laini, haina harufu hata kidogo. Diwani na Karani walikuwa wamefungwa mkokoteni, wanangoja.

“Baba,” nikasema, “nilisema upande wa nyuma.”

“Nyuma huchimba mwizi,” akajibu. “Leta ndoo.”

Nikaleta ndoo.

Watu walipita. Huku kwetu huwezi kufanya jambo kando ya barabara ukaachwa ulifanye. Mama mmoja aliyebeba mihogo alisimama akauliza kama kuna kilichopotea. Vijana wawili wa pikipiki walipunguza mwendo. Mzee aliwaitikia salamu zote bila kuacha sururu. Kwa mmoja wa rika lake, aliyetikisa kichwa kwa huzuni, alisema, “Ng'ombe wangu wa zamani wamelala vya kutosha. Waamke wakalime.”

Isidori alifika kabla ya saa sita, na kamba yake mpya begani na buti zake za mnadani. Ni mtu mnene, mcheshi, ambaye amenunua ng'ombe wetu wanne mfululizo, na kila mara alitulipa bei ya haki. Alizima pikipiki, akatazama lile pengo.

“Mzee Ngolo! Mgodi wa dhahabu wa Buhemba umehamia hapa kwako?”

“Umehamia. Na wachimbaji wameshatosha.”

“Mtamba wangu yuko wapi?”

“Mtamba wako yupi? Mimi nina mtamba wangu.”

Isidori alinitazama, nikatazama ndoo.

“Mzee, nimetoka Bunda. Nimetia mafuta. Jana umeniambia mwenyewe, Isidori njoo.”

“Jana nilikuwa na shida. Leo nina kazi.” Mzee alishuka kwenye lundo polepole, akajipangusa mikono, akamshika Isidori begani. “Usikasirike, mwanangu. Mama Diana atakupa ugali na maziwa mgando, utakula ushibe, utarudi. Ukitaka ng'ombe wa kununua, mnada ni Jumamosi.”

“Na mwakani?”

“Mwakani njoo ununue mahindi. Januari, si Julai. Ameniambia... nimesikia hatuuzi Julai.”

Isidori alicheka, akala, akasema maziwa ni mazuri kuliko safari yenyewe. Kabla ya kuondoka alimsogelea mtamba mwekundu, akampapasa mgongo, akatikisa kichwa kama mtu anayeaga mchumba wa mwenzake.

Mchana, Mzee akiwa amejinyoosha kidogo, nilimpigia Hezron.

“Mmeuza?” akauliza, kabla hata ya salamu.

“Hatujauza.”

“Mbwa wamekula shamba, nimeambiwa na watu watatu. Mmoja ni mteja. Sasa mnapanda na nini?”

“Na samadi ya zizi la zamani.”

Nilisikia mabati yakishushwa dukani, na mtu akiuliza bei ya misumari.

“Lundo?” akasema Hezron. “Baba amekubali?”

“Ameanza mwenyewe. Nilimkuta juu.”

“Upande gani?”

“Wa barabarani.”

Nilimsikia akimwambia mteja, “Subiri kidogo, mzee wangu, subiri,” kisha akavuta pumzi puani kama mtu mwenye mafua. Aliporudi kwenye simu alizungumza taratibu.

“Itatosha hiyo?”

“Kwa msimu huu itatosha, na miwili mbele tukiwa waangalifu. Baadaye inabidi ng'ombe saba wetu walazwe shambani kiangazi, zizi tulihamishe kipande kwa kipande. Na sijui kama hii ya zamani ina nguvu kama ile mpya. Nitajua mahindi yakifika magotini.”

“Sawa,” akasema. “Yule mtu wa Bunda wa kukodi shamba nitamwambia asingoje.” Kisha akaongeza, “Usimwache baba abebe ndoo zilizojaa.”

Nilimwahidi, ingawa ni rahisi kuahidi hivyo ukiwa mbali na Mzee Ngolo.

Mchana wote tulikwenda na kurudi. Mzee anachimba na kujaza, ng'ombe wanavuta mkokoteni hadi kichwa cha mstari, mimi nafungua mashimo kwa jembe, viganja viwili, udongo kidogo, punje mbili, kisigino. Mbuke alikuja na ndoo yake baada ya kumfunga Polisi kwenye mti wa mlimao, akafanya nasi mistari mitatu akieleza kwa nini mbwa wake si wa kulaumiwa, kwamba alipelekwa na wenzake. Nilimwambia simlaumu. Kama ningekuwa mbwa wa Butiama, nami ningechimba.

Kila tulipoingia ndani zaidi ya lundo, Mzee alipata cha kusema. Tabaka moja lilikuwa na majivu mengi. “Huu ni mwaka wa kupe,” akasema, “tulikuwa tunafukiza zizi kila jioni, mama yake Hezron anakohoa mpaka ananitukana.” Chini yake kidogo tulipata kipande cha chungu, na kwenye kipande hicho alisimama muda mrefu. “Hiki alikivunja Boke. Nilimwambia nimemsamehe, akasema hajaomba msamaha.” Alikiweka kando, juu ya jiwe, akaendelea kuchimba. “Mama Diana, ndoo.”

Nilimpa ndoo. Aliijaza nusu, akatazama mikono yangu, akaipunguza kidogo. Nilipogeuka yeye alijaza yake hadi juu.

“Baba, hiyo imejaa.”

“Haijajaa. Imesimama vizuri tu.”

Jua liliposhuka upande wa ziwani, mawingu yalianza kujipanga huko, meusi kwa chini. Tulikuwa tumemaliza mistari kumi na miwili, na wa kumi na tatu umefika katikati. Nilisema tuumalize. Mzee aliangalia mawingu, akaangalia ng'ombe, akasema ng'ombe wamechoka na mtu aliyechoka hupanda punje tatu kwenye shimo la mbili. Alikuwa sahihi. Nilirudi nyuma kukagua mashimo yangu ya mwisho, nikakuta mawili yenye punje tatu, nikatoa zilizozidi.

Tulilifunika pengo la lundo kwa nyasi kavu na magunia matupu, ili mvua ikija isiisombe samadi barabarani. Nilichomeka kijiti pale mstari ulipoishia. Ndoo mbili zilizojaa tuliziacha hapo hapo, tukazifunika kwa sahani ya bati na jiwe juu yake. Mzee aliwafungua ng'ombe, akatangulia nao kuelekea zizini, akasimama baada ya hatua chache.

“Imebaki mingapi?”

“Thelathini na minane na nusu, baba.”

Alihesabu kitu kwa vidole, akaridhika au hakuridhika, sikujua.

“Kesho tuanze mapema,” akasema. “Kabla ya Mbuke hajaamka.”